Debe Moja la Pumba

Kuna watu upande wa Homa Bay ambao mpaka leo wakiniona njiani hukohoa. Hawaumwi. Wanakohoa tu, halafu wanatazama kando huku wakitabasamu, na mimi navua kofia nawasalimu kama mtu asiyejua lolote, ingawa najua sana. Aibu hii nimeificha kwa wageni miaka yote, lakini nyinyi mmeshaisikia nusu nusu kwa Marwa (na Marwa akisimulia jambo huliongezea mkia na pembe), basi afadhali muisikie kwa mwenyewe aliyeitenda.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mwenye mashine ya kusagia nafaka pale Migori, Mhindi mmoja mpole, alikuwa ameamua kuhama, maana wakati ule wengi wao walihama na hata waliobaki hawakujua kesho itakuwaje. Mimi na kaka zangu wawili tukauza ng'ombe saba wa baba yetu, baba mwenyewe akiwa hai na akitutazama, tukainunua mashine ile pamoja na injini yake ya dizeli, mkanda wake wenye viraka, na Marwa. Nasema na Marwa kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kuiwasha injini ikinuna. Alikuwa Mkuria wa Kegonga, amenizidi umri kidogo, hajui Kijaluo na mimi sijui Kikuria, kwa hiyo tukawa tunagombana kwa Kiswahili kila siku ya Mungu.

Siku tuliyoswaga wale ng'ombe kuwapeleka sokoni baba alisema neno moja tu. "Ng'ombe anakula majani, Yona. Hicho chuma chenu kitakula nini?"

Nikamjibu kwamba kitakula mahindi. Mwaka uliofuata mvua ikagoma, mahindi yakaadimika, na yaliyopatikana ni yale ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, ambayo watu walisema ni chakula cha kuku na wakayala wakiwa wamekunja uso. Mashine ikawa inalala siku tatu mfululizo. Kaka zangu wakawa wanakuja kuitazama kimya kimya kama watu waliokuja kumwona mgonjwa, na kila walipoondoka niliwaona wale ng'ombe saba wakinipita mbele ya macho mmoja mmoja, na yule mwenye doa jeupe pajani akiwa wa mwisho.

Sasa mimi nilizaliwa na maradhi ya kutaka kujua. Wenzangu biashara ikiyumba huomba, hulia, au hufunga mlango. Mimi hujaribu kitu. Nilinunua daftari la shule, nikalichora mstari katikati, upande huu naandika nilichojaribu, upande ule kilichotokea. Nilijaribu kusaga omena wakavu wawe chakula cha kuku, na kwa majuma mawili kila unga uliotoka pale ulinuka ziwa (mama mmoja aliniuliza kama siku hizi nauza ugali na mboga kwa pamoja). Nikajaribu kuweka redio ili akina mama wasichoke kungoja, wakaja wengi mno, wakakaa mpaka jioni, wala hakuna aliyekuja na nafaka. Nikajaribu kuchanganya mahindi ya manjano na mtama na muhogo mkavu, na hilo likafaulu, watu walilipenda. Ni kwa ajili ya hayo majaribio mtaani wakanipachika jina la Watem Ane, yaani "tujaribu kwanza," na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nalipenda.

Habari za ule mchanganyiko zikafika mpaka Homa Bay, nyumbani kwa mke wangu Dorka. Sisi ni Wasabato, na kila mwaka kuna makambi, watu wanakutana juma zima wanalala kwenye mahema na vibanda, wanaimba, wanahubiriwa. Kawaida kila familia hujipikia. Mwaka ule wa njaa wazee waliamua watu wapike chungu kimoja, kila nyumba itoe nafaka kidogo iliyo nayo, isagwe yote pamoja mahali pamoja. Na mahali penyewe, wakasema, ni kwa Yona wa Migori. Nilipopata ujumbe huo sikulala kwa furaha. Makambi yakila unga wangu juma zima, waumini wa vijiji vyote vile wataondoka na jina la mashine yangu mdomoni.

Mahindi, mtama na muhogo vikaletwa Alhamisi jioni, vikiwa katika vifuko, vibuyu, vitambaa vilivyofungwa fundo, nyumba nyingine imetoa konzi mbili tu. Nilipaswa kusaga Ijumaa kutwa, maana jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia na injini lazima inyamaze (injini ile ilisikika mpaka ng'ambo ya mto, usingeweza kuiba hata dakika tano). Ijumaa asubuhi, kabla hatujawasha, akatokea mfanyabiashara mmoja wa viungo tuliyekuwa tukimwita Bwana Miwani. Kwenye gari lake alikuwa na magunia mawili ya pilipili kavu, nyekundu, nzuri ajabu. Akauliza kama mawe ya mashine yangu yanaweza kuisaga iwe laini kama poda, na kama naweza leo, kwa sababu leo anaondoka.

Mtu mwenye akili angesema njoo Jumatatu. Mimi nilichota pilipili ile mkononi nikaitazama, na maradhi yakanishika. Ingelainika kweli? Mawe yangepata moto? Kama ingewezekana, si tungekuwa na kazi hata mwaka ambao hakuna mahindi? Nikajiambia mahindi ya makambi hayakimbii.

Marwa hakupenda. "Mashine iko na tumbo kama mtu," akasema. "Hii kitu utailisha asubuhi na jioni unaipatia chakula ya kanisa?"

"Tutaisafisha na pumba," nikamwambia.

Tukajifunga vitambaa puani tukaisaga, na ilikuwa laini kama poda, na sisi tulilia machozi mpaka saa tisa alasiri. Bwana Miwani aliondoka akicheka kwa furaha. Zikabaki saa tatu na kidogo jua kuzama, na nafaka ya makambi, magunia sita ilipojumlishwa, haijaguswa.

Ili kusafisha mawe baada ya kusaga kitu chenye harufu, unapitisha pumba debe tatu, halafu unga wa kwanza unaofuata unamwagiwa kuku. Ndivyo Marwa alivyofundishwa na yule Mhindi na ndivyo alivyotaka tufanye. Lakini debe tatu za pumba ni muda, na unga wa kumwagia kuku mwaka ule ulikuwa dhambi, kwa kuwa niliviona vile vifundo vya konzi mbili mbili. Na kusema kweli ya Mungu, kulikuwa na kitu kingine. Nilikuwa sijawahi kuona mtu aliyejaribu debe moja. Nani alisema ni tatu? Kwa nini siyo mbili, au tano? Nikalifungua daftari, nikaandika upande wa kushoto: Je, debe moja la pumba linatosha?

Marwa alilisoma lile swali akichungulia begani mwangu, akatikisa kichwa.

Tukapitisha debe moja. Ilitoka nyekundunyekundu mwanzoni, mwishoni ikawa kama rangi yake ya kawaida. Tukafuatisha nafaka, na unga wa kwanza ulipoanza kutoka nikaukinga kiganjani nikauweka ulimini, nikafumba macho kama mwonjaji wa mfalme. Nikasikiliza. Hamna kitu. Nikamwambia Marwa naye aonje, akaonja, akatafuna hewa kidogo.

"Mimi sisikii kitu," akasema, na alionekana kushangaa.

Nikaandika upande wa kulia, kwa wino: Linatosha. Nikapiga mstari chini yake.

Naona mmeanza kucheka, mmeshanitangulia. Watu wawili waliovuta pilipili tangu asubuhi mpaka alasiri, ndimi zao zimekufa ganzi, pua zimeziba, macho yamevimba, ndio waliokuwa majaji. Ungetutilia kaa la moto mdomoni tungesema ni embe. Lakini wakati ule sikuona hivyo hata kidogo, nilikuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo, na magunia sita yakashonwa yote midomo jua likiwa juu ya kilima bado. Kibaba cha unga ule wa kwanza kabisa nikampa Marwa awe na chakula chake.

Jumapili lori lililokuwa likikusanya vitu vya makambi likapita, likachukua magunia pamoja na Dorka, aliyekuwa akiimba kwaya. Mimi nilibaki nifunge mambo nimfuate Jumatatu. Jumatatu hiyo asubuhi nikamkuta Marwa amekaa nje ya mashine na kikombe cha uji mkononi. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni na kulikuwa na baridi.

"Yona," akasema. "Onja."

Nikaonja. Ulimi wangu, ambao siku mbili hizo ulikuwa umepumzika na kupona, ukanikumbusha ni kiungo gani cha mwili. Nikakimbilia mtungi wa maji. Niliporudi niliuliza, "Huu ni ule wa kwanza?"

"Ni ule wa kwanza."

"Na gunia lile la kwanza ni lipi kati ya yale sita?"

Marwa akanitazama kwa huruma, kwa sababu magunia yote yalikuwa yamefanana na hakuna lililotiwa alama.

Nilidandia basi la kwanza. Sitawachosha na safari, ila niwaambie kwamba mtu akiwa na haraka ndipo ajuapo kuna madaraja mangapi kati ya Migori na Homa Bay. Njia nzima nilikuwa nikihesabu. Wasabato wa enzi zile hawakula pilipili, wengine hata majani ya chai hawakuyagusa. Walifundishwa kwamba viungo vikali vinachafua mwili. Na hao ndio niliokuwa nikiwapelekea ile zawadi, tena ndani ya nafaka yao wenyewe waliyojinyima.

Nikafika karibu saa sita mchana. Makambi yalikuwa uwanjani karibu na ziwa, umati umekaa chini ya maturubai, kwaya imesimama mbele na Dorka akiwa mstari wa kwanza. Kando, upande unakotokea upepo, palikuwa na jiko limezungushiwa ua wa mafunjo. Moshi ulikuwa unapanda. Nikasikia sauti iliyokuwa ikiwaamuru wapishi humo ndani na miguu yangu ikasimama yenyewe.

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu. Wote walimwita Min Dorka, mama yake Dorka, na mwaka ule ndiye aliyekuwa mkubwa wa jiko.

Wasio Wajaluo kati yenu naomba mnielewe hapa. Kwetu mkwe na mama mkwe wake wanaheshimiana heshima inayokaribia hofu. Hamli pamoja, hamuoni midomo ya kila mmoja ikitafuna, ukimwona anakuja njiani unampisha mbali. Kuingia jikoni kwake akiwa amejifunga kanga anapika, hilo ni jambo ambalo ukoo utalizungumzia mpaka wajukuu. Nilikuwa nimemwoa Dorka miaka minane na sikuwahi kusimama karibu na mama yake kwa hatua chini ya kumi.

Basi nikatafuta wa kumtuma. Nikampungia Dorka mkono, akakunja uso na kuzidi kuimba. Nikamwendea shemasi mmoja mzee aliyekuwa akilinda njia na fimbo yake, nikamnong'oneza kwamba unga usipikwe, una kasoro. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Ndugu, maombi yameanza. Tunaomba mvua."

Na kweli mchungaji alikuwa amefumba macho. Watu wakiomba mvua katika mwaka wa njaa hawaombi kifupi. Alianza na uumbaji wa dunia. Alipofika kwa Nuhu nikasikia kule jikoni mama mkwe akisema maji yamechemka, leteni unga.

Hapo nikaamua. Na kwa kuwa nilikuwa bado mimi, nikatafuta njia ya kuvunja mwiko bila kuuvunja, nikaona kwamba kama sitamtazama basi sijamwona, na kama sijamwona basi heshima imebaki. Nikageuka. Nikaingia mlango ule wa mafunjo kinyumenyume, nimeshika kofia kifuani, uso ukiwaelekea waombaji, mgongo ukiwa jikoni.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "usitie huo unga."

Wapishi wakageuka. Kisha sauti yake ikauliza, "Ni nani huyu anayeingia na mgongo?"

"Ni Yona, mama. Usitie unga."

"Yona wa Dorka?" Alirudi nyuma, na mimi nilirudi nyuma pia, maana nilisikia sauti imesogea nikadhani amehama kunipisha. Kisigino changu kikakwama kwenye ukuni. Nikaanguka chali, lakini sikufika ardhini. Niliangukia kitu laini kilichosema "yaye," na hicho kitu laini kilikuwa mama mkwe wangu, na mama mkwe wangu alikuwa ameshika gunia lililofunguliwa.

Gunia likamwagika motoni.

Nimekwisha jifunza mengi kuhusu pilipili tangu siku ile, lakini hilo la kwanza sikulisoma popote: pilipili ikiungua moshi wake ni mbaya kuliko yenyewe. Upepo wa ziwa ukauchukua moshi ule ukaupitisha juu ya ua, ukaushusha polepole juu ya umati uliofumba macho. Nikiwa chini nilisikia mtu wa kwanza akikohoa, halafu kumi, halafu wote. Kwaya ikaanza kulia. Wazee wakalia. Mchungaji, ambaye yeye alikuwa juu kwenye jukwaa na moshi haujamfikia, alisikia vilio hivyo na sauti yake ikapanda kwa furaha.

"Lieni, ndugu zangu," akasema. "Machozi haya yanaonekana mbinguni."

Kisha moshi ukamfikia naye.

Waliponitoa jikoni nilikuwa mweupe kwa unga kuanzia nywele mpaka viatu. Shemasi wa fimbo alinishika mkono akanipeleka mbele, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa amesema kuna aliyetia sumu. Dorka alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni nani. Watu walikuwa wakipangusa macho, na katika mstari wa mbele kulikuwa na bibi mmoja mzee sana, kitambaa chake cha kufungia nafaka bado kimefungwa kiunoni. Nilipomwona huyo nikasema kweli yote. Pilipili, jua la Ijumaa, debe moja. Nikasema, "Nilitaka kujua kama debe moja la pumba linatosha."

Watu wakazidi kupangusa macho. Kisha mzee mmoja wa kanisa, macho mekundu, akauliza kwa upole kabisa, "Na ulipata jibu gani?"

"Halitoshi," nikasema.

Sijui nani alicheka kwanza. Ila yule bibi hakucheka. Alisema, "Ule mtama wangu ulikuwa wa mbegu," akakaa chini, na mimi maneno hayo yaliniuma kuliko moshi.

Aliyeyaokoa makambi siku ile ni mama mkwe. Alijifunga kanga upya, akaagiza sufuria ndogo, akachota unga kidogo katika kila gunia akapika uji mara tano, na hakuonja yeye mwenyewe wala mpishi yeyote. Alituma waletwe wanawake watatu waliokuwa ziwani wakichota maji, ambao moshi haukuwafikia. Hao ndio walioonja. Yale magunia matano yaliyobaki yote yalikuwa safi, pilipili ilikuwa imeishia katika lile la kwanza, lililomwagika. Saa kumi watu wakala. Mimi nilikula peke yangu nyuma ya lori, na huo ugali ulikuwa mzuri, ingawa nilikuwa mtu wa mwisho anayefaa kulisema.

Nilirudi Migori na nusu gunia lililosalia la unga mbovu (niliwamwagia kuku, na mjue kwamba kuku hawasikii pilipili kabisa, walikula kama sherehe, hilo nililiandika). Habari zilikuwa zimenitangulia. Majuma mawili hakuna mtu aliyeleta hata kikombe cha nafaka. Akina mama walipita na debe kichwani wakielekea mashine nyingine ya mbali, wakikohoa. Marwa aliipangusa injini kila asubuhi bila kuiwasha. Baba akaja, akazunguka mashine mara moja, akasimama pale mahali ambapo angesimama kama pale pangekuwa zizi la ng'ombe. Hakuniuliza chuma kinakula nini. Ningependa angeuliza.

Nilikuwa nimeshampelekea mama mkwe mbuzi wa kufuta ile aibu ya kumwangukia, kupitia kwa shemeji zangu kama desturi inavyotaka, na sikupata neno. Nikamwambia Dorka kwamba tutauza mashine. Dorka akaenda kwao siku mbili. Aliporudi alishuka kwenye basi siku ya soko, mchana, watu wamejaa, na kichwani alikuwa na debe la wimbi. Akalipitisha katikati ya soko zima, polepole, akalitua mbele ya mashine.

"Ni la mama," akasema, kwa sauti ya watu kusikia. "Anataka lisagwe hapa. Anasema alionjesha magunia yako, na matano kati ya sita yalikuwa mazuri."

Nikalinyanyua lile debe. Marwa alikwisha kuikimbilia injini. Tuliposaga, kabla sijapeleka mkono kwenye unga Dorka akaukamata. Akamwita mama mmoja muuza ndizi aliyekuwa ng'ambo ya barabara, akamwambia aje aonje. Mama yule akasita, akaonja, akangoja kidogo, kisha akasema ni wimbi tu, akaenda kuchukua mahindi yake. Wengine watatu wakamfuata.

Pilipili sijasaga tena na sitasaga, hata waje na miwani ya dhahabu. Kujaribu mambo sijaacha, mnanijua. Lakini tangu siku ile hakuna kilichotoka mkononi mwangu ambacho nilikionja mimi mwenyewe nikasema ni kizuri. Lile daftari bado ninalo, na kwenye ule ukurasa, neno langu la wino likiwa limekatwa, kuna mwandiko wa Dorka alioandika kwa niaba ya mama yake: Muulize aliyekuwa nje ya moshi.